Riwaya moja kwa wiki sita: kusomesha msamiati na ufahamu darasa la sita

Mtoto wa darasa la sita hapa visiwani, Unguja na Pemba, husoma kwa sauti bila ya kukwama. Kapita chuoni, kwenye chuo cha Kurani, tangu mdogo, kazoea kufuata mstari kwa kidole, kupandisha na kushusha sauti, kusita panapotakiwa kusitwa. Mpe ukurasa wa riwaya atakusomea mpaka mwisho, na wenziwe wataridhika. Kisha mwambie afunge kitabu, umuulize mhusika kafanya nini na kwa nini. Hapo ndipo unapojua kama alikuwa anasoma au alikuwa anatamka tu.

Wanaosomesha Kiingereza wana nafuu moja: wanajua tangu mwanzo kuwa mwanafunzi haelewi, basi hufafanua kila kitu. Sisi wa Kiswahili tunasomesha lugha ambayo mtoto kalala nayo na kaamka nayo, na kwa hivyo ni rahisi kudhani kuwa kila alichokitamka kakielewa. Watoto wa Mjini ndio zaidi. Wakishasikia kuwa Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, kamusi wanaliona ni la watu wa bara.

Neno asilolijua kabisa halina tabu kubwa, kwani mtoto atanyanyua mkono na kuuliza. Tabu iko kwenye neno analodhani analijua. Andika ubaoni "Chombo kiliondoka usiku wa manane" na uwaambie wachore. Mtoto wa Nungwi, kwenye wavuvi, atachora jahazi. Mtoto wa Michenzani, mjini, huenda akachora sufuria, na hatauliza, maana neno chombo analitumia kila siku anapoosha vyombo. Sentensi yote imeharibika na hakuna aliyekwama hata mara moja.

Kitabu kinachofaa kwa kazi hii ni riwaya ya watoto ya kurasa 80 hadi 100, yenye sura fupi za kurasa sita hadi nane. Kabla ya kuamua, fungua ukurasa wa katikati na uwape watoto watano wa viwango tofauti wausome kimya, mmoja mmoja, wakikunja kidole kwa kila neno wasilolijua. Vidole viwili au vitatu ni sawa. Vidole vitano, kitabu kizito. Kisipokunjwa hata kimoja, kitabu chepesi au mtoto anakudanganya. Kwa sababu hiyo kipimo cha vidole peke yake hakitoshi: baada ya kusoma, kila mmoja akusimulie ukurasa ule kwa maneno yake. Mtoto asiyekunja kidole na akashindwa kusimulia ndiye atakayekufahamisha kitabu kina maneno ya namna gani.

Angalia pia kitabu kimeandikwa kwa mazingira gani. Riwaya nyingi zilizoko makabatini zinatoka bara, na mtoto wa Micheweni, Pemba, hukutana na mto unaovukwa kwa kivuko, reli, gulio, mbuga. Neno mto analijua, lakini mto aliouona ni ule anaouvuka kwa miguu, basi mhusika akizama ataona ni mchezo. Picha moja na maelezo ya dakika tano kabla ya sura hiyo yanatosha. Maneno kama shule na nyanya, ambayo nyumbani anayaita skuli na tungule, hayana haja ya kipindi. Yataje na upite.

Sura 12, vipindi viwili kila sura, vipindi vinne kwa wiki: wiki sita. Pemba usianze karafuu zikiwa zimewiva. Darasa litapungua, na wale watakaorudi kutoka kwenye kuchuma na kuchambua watakuwa wameachwa sura tatu nyuma.

Nakala ndizo zinazotusumbua wengi. Ukiwa na vitabu 15 kwa wanafunzi 60, hesabu inakwambia wanne kwa kitabu kimoja. Usifanye hivyo. Wawili wa pembeni wanaona maandishi kwa upande, na baada ya mstari wa pili wanatazama dirishani. Gawa darasa nusu: 30 wanasoma wawili wawili, 30 wengine wanafanya kazi ya daftari, kisha wanabadilishana. Kipindi cha kwanza cha dakika 40 hugawika hivi: dakika tano za maneno, nane za mwalimu kusoma kwa sauti kurasa mbili za mwanzo, 12 kwa nusu ya kwanza, 12 kwa nusu ya pili, tatu za kufunga. Kipindi cha pili ni cha msamiati na maswali.

Kusoma kwa pamoja darasa zima tumekuacha. Sauti kali nne tano zinaongoza, waliobaki wanafuata nyuma kwa silabi moja kama mwangwi, na mwalimu anasikia darasa linasoma. Kusoma mmoja mmoja kwa zamu nako hakuna faida kubwa: kila mtoto anahesabu mistari mpaka ifike zamu yake, anairudiarudia moyoni, akishamaliza kazi yake imekwisha. Wawili wawili, kwa sauti ya chini, aya kwa aya, ndiko kunakofanya kila mdomo utumike. Kelele zipo. Mwalimu mkuu akipita aambiwe mapema.

Kitu ambacho mtoto wa chuoni anakuja nacho na tunakipuuza ni nidhamu ya kusita. Anajua kuwa ukisimama pasipo pahala pake, maana inaharibika. Mwonyeshe kuwa kitabu cha Kiswahili nacho kina vituo vyake: "Baba Juma amekuja" na "Baba, Juma amekuja". Kwenye ya kwanza aliyefika ni mzee. Kwenye ya pili ni mtoto, na mzee ndiye anayepashwa habari. Mkato mmoja. Wakishaliona hilo, nusu ya makosa ya kusoma mazungumzo ya riwaya hupungua bila ya somo jengine.

Maneno ni sita kwa kila sura, yasizidi manane. Tunajua orodha za maneno 20 zinavyoandikwa ubaoni, zikanakiliwa, na siku ya pili hakuna anayekumbuka hata matano. Kati ya hayo sita, matatu yasomeshwe kabla ya kusoma, yale ambayo bila ya hayo sura haieleweki. Matatu mengine yaache wakutane nayo humo ndani na wayahangaikie. Chagua neno litakalorudi kwenye vitabu vyengine: sononeka, kinyongo, hamaki, stahamili, kebehi, taharuki. Jina la kitu kinachotajwa mara moja tu, mathalan sehemu ya jahazi, lieleze kwa pumzi moja uendelee. Mtoto wa mvuvi akijua foromali ni nini, mwache aeleze yeye.

Mbali na hayo sita, chukua viunganishi viwili kwa kila sura. Vitabu vya maswali havivishughulikii na watoto huviruka, na humo ndimo maana inamopotelea: ilhali, maadamu, licha ya, ingawa, mradi, aghalabu, seuze. Tazama sentensi hii: "Wavuvi wakubwa walirudi mikono mitupu, seuze Faki na mshipi wake." Uliza: Faki kapata samaki? Darasani utapata makundi mawili, na lile linalosema kapata huwa si dogo, kwa kuwa wamesoma "wakubwa walirudi mikono mitupu" na wakategemea hadithi impe ushindi mdogo. Usiwape jibu. Andika chini yake: "Hata nahodha hakuweza kuogelea mkondo ule, seuze mtoto." Kisha: "Mia tano sina, seuze elfu kumi." Ikifika ya tatu, watarudi wenyewe kwa Faki.

Sasa kamusi. Skuli ikiwa na hata manne ya Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), lililotoka mwaka 2010, yanatosha kwa zamu. Lakini mtoto akipewa kamusi bila ya kufundishwa njia, atatafuta "walivyomsimanga" kwenye W, akose, na aseme kamusi bovu. Mfundishe kumenya neno: wa-li-vyo-m-simanga, na kinachotafutwa ni simanga. Hakusononeka: ha-ku-sononeka. Wiki ya kwanza wafanye maneno matano kila siku kwa mdomo, bila ya kamusi, mpaka kumenya kuwe kwepesi.

Wakishajua, wanamenya hadi mfupa. Tulia wanaondoa tu- na kubaki na lia, na mhusika aliyetulia anakuwa amelia. Wasili inabaki sili. Simama inakuwa kukanusha mama. Kinga yake ni kuwauliza: ukiweka a-li- mbele ya kilichobaki, sentensi ya kitabuni bado ina maana ile? "Alitulia" na "alilia" ni vitu viwili. Basi tu- ni ya neno lenyewe, irudishe.

Nomino zina mtego wao. Nyuso iko chini ya uso, nyufa chini ya ufa, ndimi chini ya ulimi, kuta chini ya ukuta, nyaraka chini ya waraka. Kila wakikutana na wingi wa namna hii kitabuni, waandike umoja wake pembeni kwa penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Kitabu kitasomwa na darasa la mwakani.

Daftari la msamiati lina safu nne: neno kama lilivyo kitabuni na namba ya ukurasa, shina au umoja wake, maana kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na sentensi yake. Mtoto wa Wete akieleza maana kwa Kipemba cha nyumbani kwao, kaelewa, andika. Usahihi wa usanifu utafute kwenye safu ya nne. Na safu ya nne ndiko waliko wajanja. Utaona "Mwalimu katufundisha kinyongo" au "Mimi sipendi kinyongo." Kanuni ni moja: lizibe neno kwa kidole, umpe mwenziwe asome. Kama panaweza kuingia neno lolote, sentensi haikubaliwi. "Tangu siku aliyonyimwa mpira, Haji ana ____ na kaka yake ingawa wanaongea" inakubaliwa. Sentensi zenye kwa sababu, tangu, mpaka, ingawa hupita mtihani huu kwa urahisi zaidi, basi waambie.

Neno halikai kwa kuandikwa mara moja. Karatasi moja ya manila ukiikunja nusu mara tano unapata kadi 32. Manila tatu zinakutosheleza kwa riwaya nzima. Neno upande mmoja, sentensi ya kitabuni yenye pengo upande wa pili. Kila neno lirudi siku ya pili, kisha baada ya siku tatu, wiki inayofuata, na mwisho wa mwezi. Dakika tano tu, na usiulize "maana yake nini". Uliza maswali ya ndiyo au siyo yanayogonganisha maneno: Mtu mwenye kinyongo anaweza kukuchekea? Aliyehamaki anaweza kuwa amestahamili muda mrefu kabla yake? Jibu bila ya sababu halihesabiki.

Kwenye ufahamu, anza na kujipima mwenyewe maswali unayouliza. Soma sentensi hii isiyo na maana yoyote: "Mparanzi alifunyunga vitobwe vitatu gorozini." Nani alifunyunga vitobwe? Mparanzi. Vingapi? Vitatu. Wapi? Gorozini. Umepata tatu kwa tatu na hujui hata kimoja kilichotokea. Sehemu kubwa ya maswali yanayofuata hadithi kwenye vitabu vya kiada ni ya aina hii, na mtoto hodari wa kunakili atapata alama zote.

Maswali manne mazuri kwa sura moja yanatosha: moja ambalo jibu lake liko kwenye sentensi moja, moja ambalo jibu lake limetawanyika pahala pawili au zaidi, na mawili ambayo kitabu hakikusema ila kimeacha alama. Chukua aya hii iliyotungwa kwa ajili ya mazoezi:

"Bahari ilikuwa shwari tangu alfajiri. Faki alikaa juu ya mwamba, amejikunyata, kanga ya bibi yake kaizungushia mabegani. Kila tanga lilipochomoza kwenye upeo wa macho alinyanyuka. Likikaribia, alikaa tena. Wavuvi waliokwishashuka walimpita bila ya kumwangalia usoni, na yeye hakuwauliza kitu."

Faki alikaa wapi? Hilo la kufungulia mlango. Alifanya nini tanga likiwa mbali, na alifanya nini lilipokaribia? Hapo inabidi wakusanye sentensi mbili. Anamsubiri nani, na umejuaje kuwa hajafika? Hapo kimya kinaingia, maana neno kusubiri halimo. Wape muda, hesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kumchagua mtu. Kisha: kwa nini wavuvi hawakumwangalia usoni?

Aya hii huleta mabishano mazuri juu ya shwari. Mtoto wa mjini huichukua kama ile ya "mambo shwari" na kusema siku ilikuwa njema, Faki anapunga upepo. Mtoto wa Mkoani, Pemba, humkatalia: bahari ikiwa shwari hakuna upepo, tanga halijai, lazima chombo kichelewe, basi hakuna la kuhofia. Hoja nzuri, imetoka kwa anayejua bahari. Mrudishe kitabuni kwa swali moja: mbona wengine wamekwisha kushuka? Kila jibu lianze na kidole juu ya mstari. Bila ya kidole, darasa linageuka bahati nasibu, kila mtu anabuni baba kafa, baba kaoa Tanga, baba kakamatwa.

Majibu ya hisia yanahitaji ukali kidogo. Ukiuliza mhusika alijisikiaje, utapata huzuni au furaha, hakuna la tatu. Yapigwe marufuku maneno hayo mawili kwa wiki sita. Watalazimika kuchagua kati ya kufadhaika, kukata tamaa, kutaharuki, kuona haya, kusononeka, na kuchagua huko ndiko kunakowarudisha kwenye aya.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yetu, si neno gumu bali ni vile viambishi vidogo, a- na -m-, ndani ya kitenzi. "Bi Mize alipomkuta Time jikoni alimwambia akamwite mdogo wake." Nani anakwenda kuita? Mdogo wa nani? La kwanza wengi hulipata. La pili lina majibu mawili, na ni aya iliyotangulia tu itakayoamua: kama tumeshaambiwa Time ana mdogo wake, au Bi Mize ndiye mwenye mdogo. Mtoto husoma kurasa mbili akiwa na mtu asiyekuwa yeye kichwani, na mwisho wa sura anasema hadithi haieleweki. Nakili aya yenye watu watatu kwenye karatasi kubwa ya manila, uiandike kwa nafasi pana, na wao wachore mishale: kila a-, -m-, wake na ambaye iende kwa mwenyewe. Fanya hivi mara moja kwa kila sura, kwenye aya yenye msongamano tu. Ikifika sura ya nne watakuwa wanachora kwa macho.

Mwisho wa sura kila kundi linaandika sentensi tatu: nani alitaka nini, nini kilimzuia, ikawaje. Iliyo bora inabandikwa ukutani kwa mpangilio wa sura. Hiyo ndiyo dawa ya waliokuwa kwenye karafuu au waliougua: wanasoma ukuta kwa dakika kumi, wanaingia darasani. Skuli yenye mikondo miwili usiache kitu ukutani. Mkondo wa mchana hauna kosa, lakini hautasoma riwaya yenu. Kunja, funga kwa uzi, peleka ofisini.

Mtihani wa mwisho usitoke kwenye riwaya waliyosoma, kwani hapo utapima kumbukumbu. Tunga au tafuta aya mpya ya maneno kama 150, yenye maneno kumi kati ya yale 72 ya daftarini. Nusu ya alama ni maswali manne ya aina zilizotajwa. Nusu ni mapengo kumi. Usitoboe kila neno la saba kama wanavyofanya wengine. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja, na ukitoboa kwa hesabu utaondoa "na" mara tatu na "walipomfikishia" mara moja. Chagua mapengo kwa mkono: maneno sita ya msamiati, viunganishi viwili, na vitenzi viwili ambavyo kiambishi chake kinaonyesha nani kamfanya nani.

Unaposahihisha, pokea neno lolote linaloingia na kulingana na sentensi, hata kama si uliloliweka wewe. Aliyeandika "kasirika" palipokuwa na hamaki apewe alama nusu na kadi ya hamaki arudi nayo nyumbani. Aliyeandika "ingawa" palipotakiwa maadamu asipewe kitu. Huyo mwite pembeni, msome naye sentensi hiyo kwa sauti, mara ya kwanza na neno lake, mara ya pili na la kitabu, na umwache aseme mwenyewe kilichobadilika.